Mimi Ndiye Niliyemsomea Afande

Kabla hamjanihukumu, mjue kwamba mimi si mjinga. Nilifundisha darasa la nne Bukavu miaka kumi na mmoja, na mwandiko wangu ubaoni walikuwa wakija kuutazama hata walimu wa shule za jirani. Kifaransa nakijua. Kiswahili nimekinyonya. Mashi, lugha ya kwetu, nazungumza na ndugu zangu. Kiingereza sikijui. Haya, nimesema. Ilinichukua miaka mitano na mahakama nzima kulitoa neno hilo, kwa hiyo msinikatize.

Nilifika Kampala mwaka 2004, baada ya vita kuingia kwetu, nikiwa na mtoto wangu Bénit mgongoni na viatu vya mtu mwingine miguuni. Katika mji huu, ukiwa mkimbizi, wewe ni karatasi yako, na karatasi zote ni za Kiingereza. Siku moja mama mmoja wa kanisani aliniona nikiandika jina langu, Bibiane, kwenye daftari la waumini, akatangaza kwamba Mama Bénit ni msomi. Nilipaswa kumkatalia palepale. Lakini nilikuwa na njaa, na njaa haina adabu. Kesho yake waliniletea fomu tatu na kuku mmoja.

Fomu nilizijua kwa mahali pake: kisanduku cha kwanza jina, cha pili siku ya kuzaliwa, cha tatu ulikotoka. Barua ndefu ndizo zilikuwa kazi, zile za kuomba kuhamishiwa ng'ambo. Kwa hizo nilikuwa na barua moja iliyopigwa taipu, aliyoniachia mwanamke wa Uvira alipoondoka kwenda Kanada. Kama ilimpeleka yeye, nikajiambia, itawapeleka na wenzake. Nikawa nainakili neno kwa neno, nabadilisha jina, tarehe na namba ya mkimbizi, basi. Mwandiko safi, hakuna kufutafuta. Watu walitoka Katwe na Nsambya wakapanda mpaka Kawempe kunitafuta.

Meza yangu ilikuwa barazani kwa Afande Zubairi. Huyu alikuwa Mnubi wa miaka sabini na kitu, aliyepuliza tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka presha ya macho ilipomla macho yote mawili. Mkewe alikwisha kufa na watoto hawakujaliwa. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, na nyuma yake vijumba vitatu vya wapangaji, kimoja changu, juu ya ardhi aliyoinunua mwenyewe akiwa kazini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, hakina mapambo. Kodi ya baraza hakunidai. Alitaka tu nimwambie dawa ya asubuhi ni ipi na ya jioni ni ipi, noti aliyopewa ni ya kiasi gani, nani anapita barabarani. Watu wakimuuliza anaishije bila macho, alijibu, "Macho yangu iko. Inaitwa Bibiane."

Sasa nije kwa Siraje. Siraje alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Afande, bwana wa miaka thelathini na mitano hivi, dalali wa magari, anakaa kwenye maghorofa ya Bugolobi. Alikuwa akija siku ya Idi na kilo mbili za nyama, anakaa dakika ishirini, anatazama paa, anaondoka. Mwaka wangu wa tano Kampala akaanza kuja kila wiki, na sukari, na kanzu mpya, na mjomba hivi, mjomba vile. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani aliyekuwa na muda wa kukagua nguo? Mzee alifurahi kuwa na ndugu.

Ijumaa moja baada ya swala alikuja na karatasi. Alisema ni ya kufuatilia malimbikizo ya pensheni ya mjomba wake, inataka dole gumba la mzee na sahihi ya mtu aliyemsomea. Akanigeukia mbele ya watu.

"Mama Bénit, wewe ndiye msomi hapa. Msomee mzee kwa Kiswahili, aelewe."

Karatasi ile haikuwa na visanduku. Ilikuwa maneno matupu, kurasa mbili, na mimi sikulijua hata moja katika maneno yale. Hasifa, Mnubi mwenzake Afande anayekaanga sambusa ng'ambo ya njia, alikuwa amesimama pale akijipangusa unga mikononi. Wapangaji walikuwa kizingitini. Wote macho kwangu. Ningesema nini? Nilivaa miwani. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari huku midomo ikinitikisika, nikageuza ukurasa, nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeridhika. Kisha nikamwambia Afande ni mambo ya pensheni, wanaomba alipwe aliyocheleweshewa.

"Iko muzuri?" akaniuliza.

"Nzuri, Afande."

Nikalishika dole gumba lake mimi mwenyewe, nikalibonyeza kwenye wino, nikalipeleka kwenye karatasi. Chini ya mstari wa mwisho nikaandika jina langu lote, kwa ule mwandiko wangu wa kuringia. Siraje akausifu. Nami nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Haikupita miezi miwili Siraje akahamia na makochi yake. Alisema anakuja kumtunza mzee. Kitabu cha benki cha pensheni akakichukua, eti kisipotee. Chumba cha mzee akakifanya cha kwake, na Afande akahamishiwa stoo ya nyuma tulikokuwa tunaweka makaa. Chakula kikawa mara moja kwa siku, kisha siku nyingine hakuna. Dawa zilipokwisha hazikununuliwa tena. Hasifa na mimi tulikuwa tukimpitishia uji na sambusa Siraje akitoka, na mzee alikula akiwa ameketi juu ya jerikeni, kanzu yake imejaa vumbi jeusi asiloliona. Niliumia. Nilimlaani Siraje moyoni kwa lugha zangu zote. Lakini kwa mdomo sikusema kitu, maana kuna swali nililokuwa nalikimbia.

Asubuhi moja wakaja wanaume wawili na utepe wa kupimia. Walipima baraza kwa kuizunguka meza yangu, hawakunisalimu. Siraje akatutangazia wapangaji kwamba nyumba inauzwa, tuwe tumetoka mwisho wa mwezi, na mzee atapelekwa Bombo kwa jamaa. Jamaa gani, hakuwataja.

Siku hiyo nilipompelekea uji, Afande hakuupokea. Aliniuliza lile swali.

"Bibiane. Ile karatasi ilisema nini?"

"Pensheni, Afande. Siraje lazima ameibadilisha baadaye."

Akanyosha mkono. Kisha akachukua uji. Hiyo ilikuwa mara ya pili namdanganya kipofu kwa karatasi ileile, na safari hii hakukuwa na watu wa kunitazama.

Hasifa hana shule, ila ana mdomo na ana miguu. Alimpakia Afande kwenye bodaboda, akapanda nyuma yake kumshikilia, akampeleka kwenye ofisi ya mawakili wanaowasaidia wasio na uwezo. Baada ya siku chache akaja wakili mwenyewe, binti wa Lira aitwaye Akullo, mwembamba, na Kiswahili cha kutafuta maneno. Alikuwa amepata nakala ya karatasi. Aliisoma pale stoo, polepole, kwa Kiswahili, huku mimi nimeegemea mlango. Haikuwa na pensheni hata kidogo. Ilisema Zubairi, akiwa na akili zake timamu, amempa mpwa wake Siraje nyumba na ardhi yote kuwa zawadi, kwa mapenzi, tangu siku hiyo na daima. 

Kisha akaeleza sheria. Kuna sheria hapa Uganda, alisema, ya kumlinda mtu asiyeweza kusoma karatasi anayotilia alama. Aliyemsomea lazima ajitaje jina na mahali anapokaa, athibitishe kwamba alimsomea na mwenyewe akaelewa. Bila hivyo karatasi haina nguvu. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa kunasema, mimi Bibiane, mkazi wa Kawempe, nimemsomea kwa Kiswahili na ameelewa. Karatasi hii imesimama juu yako, mama. Ulimsomea?"

Afande aligeuza uso upande nilipokuwa. Nilijibu kwamba nitasema mahakamani. Akullo akanitazama sana, akaniambia hatanipangia maneno, lakini nijue mambo mawili: nikisema nilimsomea, mzee hana kesi; nikisema sikumsomea, nimekiri kutia sahihi kwenye uongo, na hilo ni kosa kwa sheria. Kesi ilikuwa baada ya wiki mbili, siku tatu kabla ya nyumba kuuzwa.

Siraje hakungoja wiki mbili. Alinifuata mezani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema kwa upole kabisa kwamba chumba changu nitabaki nacho na baraza nitabaki nalo, atazungumza na mnunuzi. Niseme tu kweli iliyoandikwa: nilimsomea. Nikamwambia anajua vizuri alichoniambia siku ile. Akacheka.

"Unadhani kwa nini sikumpelekea mwalimu wa jirani? Mwaka jana nilipokuja Idi nilikuta notisi ya kukatiwa umeme. Mjomba akakupa usome, nami nimeketi hapo. Ukamwambia ni salamu za mwaka mpya."

 Kweli, tulikaa siku nne bila taa na mimi nikailaumu serikali.

Aliinuka akapangusa suruali. Akaniuliza nikisimama mahakamani niseme sijui Kiingereza, wale Wakongo wangu wote niliowaandikia watanifanya nini. Ndilo nililokuwa nawaza usiku na mchana. Mtoto wangu alikuwa anasoma kwa barua zile. Jina langu lote lilikuwa barua zile. Na kule stoo kulikuwa na mzee anakohoa vumbi la makaa kwa sababu ya dole gumba nililolishika mimi.

Kwetu mtu haendi mahakamani peke yake. Siku ya kesi wateja wangu wanane walifunga kazi zao wakanisindikiza, wamevaa vitenge na makoti ya kanisani, wakijua tu kwamba Mama Bénit anakwenda kumtetea mzee. Mbele yao alikuwa Mushagalusa, fundi viatu, mrefu, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Mtu huyu alikuwa amengoja majibu ya ng'ambo miaka minne. Kila Januari alikuja kuniuliza kama tuandike tena, na kila Januari nilimnakilia barua ileile. Asubuhi ile alinibebea mkoba. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mahakama ilizungumza Kiingereza, na mimi nilipewa mkalimani, askari mwenye Kiswahili cha kambini kama cha Afande. Afande aliketi mbele, amevaa kofia yake ya bendi. Akullo aliniuliza swali moja tu: siku ile nilimsomea mzee karatasi hii?

Nilitazama nyuma. Mushagalusa alinipa ishara ya kichwa, ya kunitia moyo.

"Sikumsomea," nikasema. "Nisingeweza. Sijui Kiingereza."

 Nyuma yangu nilisikia benchi likilia mtu alipojisogeza. Nikaongeza, kwa kuwa maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwamba nilijifanya kusoma, nikarudia aliyoniambia Siraje, na mzee akaweka dole gumba kwa sababu aliniamini.

Wakili wa Siraje akasimama akitabasamu. Akamwambia hakimu kwamba mama huyu anadanganya ili asifukuzwe chumba. Mji mzima unamjua, anaishi kwa kuandika Kiingereza. Akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua sita nilizoandika, nakala ambazo wenyewe huziweka kwenye mifuko ya nailoni kama cheti cha ndoa. Siraje alikuwa amezikusanya kwa wateja wangu akiwaahidi kuwatafutia wa kuzifuatilia. Wakili akamsomea hakimu mistari miwili ya ile ya juu, akasifu lugha yake, akauliza kama haya ni maandishi ya mtu asiyejua Kiingereza. Nilimtazama Siraje. Alikuwa ameegemea kiti, miguu ameinyosha.

Hakimu alizipokea. Akasoma ya kwanza yote. Akasoma ya pili, akaipindua, akairudia ya kwanza. Ya tatu. Akavua miwani, akaivaa. Akawauliza mawakili wote wawili kama kuna aliyezisoma barua hizi mpaka mwisho. Wa Siraje akasema amezipitia.

Hakimu akasema neno kwa mkalimani, na mkalimani akasita kabla ya kuligeuza. Barua ya Victoire inasema: mimi ni mjane mwenye mimba ya miezi saba, nimevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Uvira. Barua ya Augustin inasema: mimi ni mjane mwenye mimba ya miezi saba, nimevuka ziwa kutoka Uvira. Na nyingine. Na nyingine. Zote sita. Akauliza kama kuna mtu hapa anayeitwa Mushagalusa.

Mushagalusa akasimama, urefu wake wote, ndevu zake zote.

Mahakama ilicheka. Askari wa mlangoni alicheka, karani alicheka, hata mkalimani alishika mdomo. Hakimu aligonga meza mara tatu. Mimi sikucheka, na Mushagalusa hakucheka. Aliketi polepole, akaiweka mikono magotini. Wenzetu nao wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mtu alivyopiga hesabu ya miaka yake ya kungoja. Victoire akaanza kulia.

Basi hapo kesi ya Siraje ilikufa, na aliyeiua ni bahasha yake mwenyewe. Hakimu alisema hakuna mtu anayejua lugha anayeweza kuandika vile mara sita. Akazuia nyumba isiuzwe wala kuguswa mpaka hukumu, akaamuru mzee arudishwe chumbani kwake siku hiyohiyo, na kitabu cha benki kikabidhiwe kwa Akullo. Mimi akanionya kwamba sahihi yangu ya uongo ingeweza kunifikisha pabaya, na kwamba polisi wakitaka kunihoji niwepo. Hukumu yenyewe ilikuja baada ya wiki tano, na karatasi ile ikafutwa. Siraje alipakia makochi yake bila kumuaga mjomba.

Lakini siku ile nje ya mahakama hakuna aliyenibebea mkoba. Walinipita. Victoire aliniambia kwamba mtoto wake amekufa akingoja majibu ya barua ile, akaendelea na safari.  Mimi na Siraje tuliwafanyia watu jambo moja. Tofauti ni kwamba mimi niliitwa mama.

Afande hakunisemesha siku tatu. Dawa zake alisomewa na mtoto wa Hasifa. Nilikunja meza nikaiegemeza ukutani, nikaanza kufunga vyombo, maana nilijua nafukuzwa. Siku ya nne asubuhi akatoka na fimbo yake akipapasa ukuta, akaketi barazani mahali pake.

"Nani napita?" akauliza.

Nikatazama njiani.  Nikamwambia ni Mushagalusa, na anakuja huku.

Alikuja, akamsalimu mzee, hakunisalimu. Akaikunjua meza mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akaweka karatasi nyeupe na kalamu mbele yangu. Nilianza kumuomba msamaha. Akainua mkono ninyamaze.

"Nitasema kwa Kiswahili. Utaandika kwa Kiswahili, ninavyosema. Yule wakili wa Afande ameniambia atanitafutia mtu wa kuigeuza."

Nikashika kalamu. Alisema jina lake na namba yake. Alisema ametoka Walungu, hajawahi kukanyaga Uvira. Halafu akaishia hapo, akatazama viatu vyake. Afande naye alikuwa ameinua kichwa anasikiliza.

"Andika: mimi sikuwa na mimba," alisema Mushagalusa. "Mwenye mimba alikuwa mke wangu, siku waliyomuua."

Niliandika. Mwandiko ulikuwa mbaya. Nikamuuliza mkewe aliitwa nani. Miaka minne nilikuwa namwandikia mtu huyu, na sikuwahi kumuuliza.

"Benedicte."

Nikaliandika. Afande Zubairi akagonga fimbo sakafuni mara moja, akaniamuru nisome, na nisome yote. Nikavua miwani nikafuta macho, nikaivaa tena, nikawasomea wote wawili kila neno lililokuwa pale.